Somo la Biashara: Anachosoma mtoto shuleni kiifae meza ya mama sokoni

Mzazi, mwanao akirudi nyumbani na kukwambia amechagua somo la Biashara, utamjibuje? Wapo wanaofurahi. Wapo wanaouliza kwa nini hakuchagua Fizikia au Kemia, kwa dhana kwamba Biashara ni ya waliolemewa na sayansi. Na wapo wanaosema biashara haisomwi, mtu huzaliwa nayo.

Swali hili lina uzito zaidi mwaka huu. Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10 katika shule za sekondari pevu, ambapo kila mmoja ana masomo matatu ya kuchagua pamoja na yale ya lazima. Wenzao wa Kidato cha Tatu na cha Nne wanaendelea na mfumo wa 8-4-4, ambao mtihani wake wa mwisho wa KCSE utafanywa mwaka 2027. Kwa makundi yote mawili, Biashara ni somo la kuchagua. Ni vyema basi familia ijue somo hili linafunza nini kabla ya kulikubali au kulikataa.

Kilichomo ndani ya somo

Katika mfumo wa 8-4-4, Kidato cha Kwanza huanza na mahitaji ya binadamu, uzalishaji, ujasiriamali, kazi za ofisi na biashara ya ndani ya nchi. Kidato cha Pili huingia katika aina za biashara, tangu duka la mtu mmoja hadi kampuni na chama cha ushirika. Hapo pia kuna usafiri, maghala, bima, matangazo ya bidhaa na nafasi ya serikali katika biashara. Kidato cha Tatu hufunza mahitaji na ugavi, pato la taifa, leja na daftari la fedha. Kidato cha Nne humalizia na taarifa za hesabu, benki, fedha za umma, mfumko wa bei na biashara ya kimataifa.

Mtihani wa KCSE una karatasi mbili, kila moja ya alama 100. Ya kwanza ina maswali 25 mafupi yanayojibiwa kwa saa mbili. Ya pili ina maswali sita ya maelezo, na mwanafunzi hujibu matano kwa saa mbili na nusu.

Katika mtaala wa umilisi, somo hili liko katika mkondo wa Sayansi za Jamii. Shule zote hazitoi makundi sawa ya masomo, kwa hivyo muulize mwalimu mkuu mapema ni masomo yapi yanaweza kuchukuliwa pamoja na Biashara katika shule yenu.

Meza ya mahamri

Thamani ya somo hili huonekana vizuri zaidi nje ya darasa. Tuchukue mfano wa mama anayeuza mahamri na mbaazi karibu na steji ya Mariakani. Asubuhi anatumia shilingi 1,450 kwa unga, sukari, mafuta, nazi na mbaazi. Makaa ni shilingi 200, nauli 100, na kijana anayemsaidia hulipwa 250. Hadi saa nne meza imeisha, na mfukoni ana shilingi 2,300.

Je, amepata faida ya shilingi ngapi? Wengi wetu tungetoa 1,450 katika 2,300 tukasema ni 850. Mwanafunzi wa Kidato cha Nne atakwambia hiyo ni faida ghafi tu. Bado kuna makaa, nauli na mshahara, jumla shilingi 550. Faida halisi ni shilingi 300.

Sasa tuseme jioni mama anatoa shilingi 600 kwa chakula cha nyumbani na mchango wa chama. Hajafanya kosa lolote machoni pake, kwa sababu pesa zipo. Lakini 300 kati ya hizo ni za mtaji. Akifanya hivyo siku tano, mtaji utakuwa umepungua kwa shilingi 1,500, ambazo ni zaidi ya gharama ya bidhaa za siku nzima. Siku ya sita anakopa unga dukani. Baada ya wiki chache meza haipo, na majirani wanasema biashara imeingiliwa na mkono wa mtu.

Hakuna mkono wa mtu hapo. Mwenye biashara kuchukua pesa za biashara kwa matumizi yake ni jambo linalofunzwa darasani, na kila shilingi anayochukua inapaswa kuandikwa. Mtoto anayejua kuiandika huenda yuko hapo hapo nyumbani, anarudia maswali ya mtihani, na hakuna aliyewahi kumwomba msaada.

Kuna jambo jingine ambalo kumbukumbu humwonyesha mama huyu. Akiuza shilingi 2,300 kwa siku 300 za mwaka, mauzo yake ni shilingi 690,000. Kwa mujibu wa Sheria ya Fedha ya mwaka 2023, ushuru wa asilimia 3 ya mauzo huwahusu wenye mauzo ya zaidi ya shilingi milioni 1 hadi milioni 25 kwa mwaka. Yeye hajafika huko. Bila daftari, hana namna ya kulijua hilo wala ya kumwonyesha mtu yeyote.

Kiingereza cha darasani, Kiswahili cha sokoni

Sababu moja inayofanya elimu hii isitoke shuleni ni lugha. Somo hufunzwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, ilhali nyumbani biashara inazungumzwa kwa Kiswahili, Kigiriama au Kiduruma. Mwanafunzi anaweza kukariri maana ya mahitaji na ugavi akapata alama zote, asitambue kuwa ndicho kisa cha maembe ya Magarini na Malindi: msimu ukifika kila mti unazaa kwa wakati mmoja, bei inaanguka, na mwenye kufaidika ni aliye na njia ya kuhifadhi au kusindika.

Mwombe mwanao akueleze anachosoma kwa lugha ya nyumbani. Akiweza kumfafanulia bibi yake tofauti ya mtaji na faida, basi amelielewa somo. Akishindwa, ni dalili kwamba amekariri, na ni heri ijulikane sasa kuliko katika chumba cha mtihani.

Linampeleka wapi?

Anayetaka kuwa mhasibu anaweza kusomea CPA, mitihani inayosimamiwa na KASNEB, bodi iliyoanzishwa mwaka 1969. Aliyefanya KCSE huhitaji angalau alama ya wastani ya C+ ili kuingia moja kwa moja. Ambaye hakufika hapo anaweza kuanzia stashahada ya ufundi wa uhasibu, ATD, kisha akapanda. Vyuo vikuu na vyuo vya anuwai pia vina kozi za biashara, ununuzi, uuzaji na ushirika.

Tahadhari ni moja: kozi nyingi za biashara na uhasibu huangalia pia alama ya Hisabati. Anayekimbilia Biashara ili kuikwepa Hisabati atakutana nayo tena mlangoni mwa chuo.

Hata asiyekwenda chuo kikuu anafaidika. Fundi wa nguo au wa kuchomelea aliyehitimu chuo cha ufundi anajua kazi yake ya mikono. Mara nyingi kinachomwangusha ni bei. Anahesabu kitambaa au vyuma, anasahau stima, kodi ya chumba na muda wake.

Kaunti inahusika vipi?

Shule za sekondari ziko chini ya Serikali ya Kitaifa. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, pamoja na ukuzaji na usimamizi wa biashara: masoko, leseni, haki katika biashara na vyama vya ushirika. Kwa hivyo si sisi tunaopanga kinachofunzwa katika somo hili, lakini mengi ya yale mwanafunzi anayosoma atakutana nayo katika ofisi za kaunti, iwe ni kibali cha biashara kinacholipiwa kila mwaka, ukaguzi wa mizani au usajili wa chama cha ushirika.

Hata bajeti ya kaunti ni sehemu ya somo hilo. Mwanafunzi aliyesoma fedha za umma anaweza kumsaidia mzazi wake kuelewa kitabu cha bajeti kabla ya kikao cha kutoa maoni katika wadi. Mzazi akija na kijana wake kikaoni, wote wawili wana haki ya kusikiliza na kuuliza.

Anza jioni ya leo

Kwa familia yenye biashara, hata kama ni meza ya nyanya au bodaboda moja, tunapendekeza hatua hizi tatu.

Kwanza, nunua daftari la kawaida na umpe mwanao kazi ya kuandika kila jioni: zilizoingia, zilizotoka, na zilizochukuliwa kwa matumizi ya nyumbani. Pili, pesa za biashara zikae peke yake, iwe ni mkebe tofauti au laini tofauti ya simu. Tatu, kila Jumapili keti naye mjumlishe pamoja, na umruhusu akwambie ukweli hata kama hautapendeza.

Mtoto atapata mazoezi ya daftari la fedha yasiyopatikana kwenye kitabu chochote cha shule. Nawe utajua, kwa tarakimu, kama biashara yako inakulisha au wewe ndiwe unayeilisha.