Binti Akitaka Kuimba

Kwetu hakuna sikukuu bila muziki, na sauti za wanawake tunazipenda. Abeti Masikini, mzaliwa wa Kisangani, aliimba Olympia ya Paris mwaka wa 1973. Mbilia Bel alianza kwa kumwitikia Abeti, kisha naye akajulikana Afrika nzima. Tshala Muana, mzaliwa wa Lubumbashi, aliitembeza mutuashi ya Kasai katika dunia. Lakini hata leo wengi wakimtaja wanaanza na kiuno chake, si sauti.

Sasa binti yetu akisema anataka kuimba kwenye orkestra, tunamjibu nini? "Unataka kuwa malaya?" Kaka yake akipiga gitaa katika orkestra hiyohiyo, tunamwita msanii.

Neno hilo linaumiza kuliko tunavyofikiri. Mkubwa wa orkestra akimwambia binti hataimba mpaka alale naye, binti hawezi kuja kutuambia. Anajua tutamuuliza: "Ulikwenda kutafuta nini huko?" Mkosaji naye anajua ya kuwa atanyamaza.

Mwezi wa Julai 2016, kwenye uwanja wa ndege wa Nairobi, kamera ilionyesha Koffi Olomide akirusha teke kwa mmoja wa wanawake wanaocheza katika kundi lake. Kenya ilimfukuza, naye akaomba msamaha. Hayo yalionekana. Je, yanayofanyika pasipo kamera?

Sheria zipo. Ile ya 2006 juu ya ukatili wa kingono inaazibu pia anayemsumbua mtu kwa kumlazimisha mapenzi. Na tangu Julai 2016, Sheria ya Jamaa haisemi tena kwamba mke aombe ruhusa ya bwana ili atie sahihi mkataba, inasema wapatane.

Sisi wamama tunaweza kufanya haya:

– Tujue mkubwa wa orkestra ni nani, mazoezi yanafanyika wapi na yanaisha saa ngapi.
– Malipo yaandikwe kwenye karatasi, pamoja na usafiri wa kurudi usiku.
– Binti ambaye hajafikisha miaka 18 asindikizwe na mtu mzima wa jamaa.
– Akirudi na machozi, tumsikilize kwanza, tusimhukumu.

Na vikundi vyetu vinapokodi orkestra kwa sikukuu ya tarehe 8 Machi, tuulize mbele ya kulipa: wanawake wanaoimba watapata kiasi gani, na wanaume kiasi gani? Anayetoa pesa ana haki ya kuuliza.