Programu ni bure, fundi analipwa

Aprili 2014 ilibainika hitilafu, ikapewa jina la Heartbleed, ndani ya OpenSSL, programu huria inayolinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya tovuti duniani. Benki na serikali zilikuwa zikiitumia bila kutoa senti, huku waliokuwa wakiitunza wakipata michango ya takriban dola 2,000 kwa mwaka. Miaka mitano baadaye, Julai 2019, IBM ilikamilisha ununuzi wa Red Hat, kampuni iliyojengwa juu ya Linux, kwa dola bilioni 34.

Programu zote mbili ni huria. Red Hat ilitajirika kwa kuuza uhakika: marekebisho ya usalama yanayofika kwa wakati, na mtaalamu wa kupokea simu mfumo ukianguka usiku wa manane. Anayetaka kuishi kwa kazi ya programu huria aanze kwa kuuliza ni nani anayehitaji uhakika huo.

Michango pekee haitoshi. Tangu 2019 GitHub ina huduma ya Sponsors, inayomwezesha mtu kumchangia mtunzaji wa programu kila mwezi. Wachache wenye majina makubwa hujikimu kwa ufadhili wa aina hiyo. Kwa walio wengi haufikii hata kodi ya nyumba.

Ajira ina uzito zaidi. Sehemu kubwa ya kazi ya kiini cha Linux hufanywa na waajiriwa wa kampuni kama Intel, Google na Red Hat. Daniel Stenberg wa Sweden, aliyetoa curl, programu huria ya kuhamisha data mtandaoni, mwaka 1998, aliitunza kwa miaka mingi akiwa na ajira nyingine. Ikawa kazi yake ya kutwa alipojiunga mwaka 2019 na wolfSSL, kampuni inayouza mikataba ya huduma kwa kampuni zinazotumia curl.

Kwa anayeanza, kuna Outreachy, mpango wa mafunzo kwa vitendo katika programu huria, unaolipa posho ya dola 7,000 kwa miezi mitatu. Mwombaji hupimwa kwa kazi yenyewe: huchagua mradi, huchukua hitilafu ndogo, huirekebisha, kisha hujibu hoja za wasimamizi na kurudia mpaka kazi yake ikubaliwe.

Afrika Mashariki soko lipo, hasa kwenye afya. Mwaka 2011 Kenya iliingiza takwimu za afya za nchi nzima kwenye DHIS2, mfumo unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Tanzania nayo inautumia. OpenMRS, ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa, ilianza 2004 ikichochewa na mahitaji ya kliniki za Eldoret. Mifumo hii haina ada ya leseni, lakini lazima mtu aandae seva, aoanishe fomu na rejesta ya zahanati, achukue nakala rudufu na kumfundisha muuguzi kuingiza taarifa. Hiyo ni kazi ya kulipwa.

Tatizo ni kwamba fedha zake nyingi hutoka kwa wafadhili. Mradi ukifungwa, fundi anaondoka na mfumo unabaki yatima. Taasisi inayookoa ada ya leseni iingize gharama za matunzo kwenye bajeti yake ya kila mwaka na kuwapa mikataba wataalamu wa hapa. Mafundi nao wayarudishe marekebisho yao kwenye mradi mkuu, yawafae watumiaji wengine na yawe ushahidi wa umahiri wao kwa kila mwajiri anayetafuta mtu wa kuaminika.