Pikapu ya Kukokotea Nyumba

Huko Marekani watu wengi husafiri na nyumba ya magurudumu, iliyofungwa kama tela nyuma ya pikapu. Anunuaye pikapu kwa kazi hiyo huuliza kwanza nguvu za injini. Swali hilo ni jema, lakini halitoshi.

Tutwae mfano wa tela la kilo 3,000. Yapasa asilimia 10 hadi 15 ya uzito huo iegemee kiungio cha pikapu. Ikipungua, maana yake mzigo umezidi nyuma, na tela huyumba njiani hata laweza kulipindua gari. Tuseme basi kilo 400 zimeegemea. Kibandiko penye mlango wa dereva husema pikapu ichukue kilo 700 tu. Toa 400, zabaki 300. Akiingia dereva na wenzake watatu, kila mmoja kilo 75, hesabu imekwisha: hata sanduku la nguo halina nafasi, ijapokuwa injini yaweza kuvuta zaidi.

Kwa hiyo, msomaji, kabla ya kuisifu injini soma kibandiko, kisha zikague breki za tela. Kamba hukatikia pembamba.