Kabla ya Kununua Laptopu Nyingine, Badilisha Diski

Laptopu nyingi za mtumba zinazouzwa Kariakoo na katikati ya jiji la Dar es Salaam zilianza kazi maofisini huko Ulaya, Marekani au Dubai. Kampuni zikishazichoka, wafanyabiashara huzinunua kwa jumla, na hatimaye Dell Latitude au HP EliteBook yenye zaidi ya miaka kumi inaangukia mikononi mwa mwanafunzi wa chuo au mwenye steshenari. Ni mashine imara. Kinachomchosha mtumiaji ni kusubiri: anabonyeza kitufe, anakwenda kuchemsha chai, anarudi na kukuta bado inajiwasha.

Mara nyingi tatizo si prosesa. Ni diski.

Ndani ya diski ya zamani, ambayo mafundi huiita HDD, mna sahani zinazozunguka, kwa kawaida mara 5,400 kwa dakika, na kichwa kidogo kinachokimbia huku na huko kutafuta mafaili. Kanuni hiyo ni ileile ya IBM 350 ya mwaka 1956, iliyokuwa na sahani 50 zenye upana wa inchi 24 na uwezo usiofika megabaiti 4. SSD, diski ya kisasa inayochukua nafasi yake, haina kinachozunguka. Taarifa hukaa ndani ya chipu za flashi, teknolojia aliyoibuni Mjapani Fujio Masuoka akiwa Toshiba katika miaka ya 1980. HDD ya laptopu husoma takriban megabaiti 100 kwa sekunde, SSD inayotumia muunganiko wa SATA hufika 500 na ushee. Tofauti huwa kubwa zaidi kwenye yale maelfu ya mafaili madogo ambayo Windows huyasoma inapowaka, kwa sababu kichwa cha HDD hulazimika kusogea kila mara.

Kwa mkazi wa Dar kuna faida nyingine. Kichwa hicho huelea nanomita chache tu juu ya sahani. Laptopu ikiachwa imewaka begini juu ya bodaboda, shimo moja la barabarani linaweza kuikwaruza sahani na kuondoka na mafaili. SSD haina hofu hiyo.

Kazi yenyewe ya kubadilisha diski ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Kwenye Latitude E6430, fundi anafungua skrubu mbili, anachomoa diski ubavuni, anachomeka SSD ya inchi 2.5 mahali pake. Kinachokula muda ni kupiga Windows upya, au kuhamisha kila kitu kama kilivyo kutoka diski ya zamani. Laptopu za karibuni ndizo zenye mtego. Nyingi hutumia SSD ya umbo la M.2, kipande chenye upana wa milimita 22 na wembamba kama jojo, na kuna M.2 za muunganiko wa SATA na za muunganiko wa NVMe ambazo kwa macho hazitofautiani sana. Mashine inayotaka SATA haitaitambua NVMe. Kwenye MacBook za miaka ya karibuni, hifadhi imechomelewa kwenye ubao wenyewe. Ndiyo maana ni busara kwenda dukani na laptopu yenyewe.

Jihadhari pia na SSD za tera 2 zinazouzwa kwa bei ya kutupa. Wapo wahuni wanaoichezea programu ya ndani ya diski ili ijitangaze kuwa kubwa, kumbe chipu zina giga 64 tu. Ukivuka hapo, mafaili yanaharibika bila onyo lolote. Programu ya bure ya H2testw huijaza diski na kuisoma upya, na CrystalDiskInfo huonyesha saa ilizokwisha kutumika. SSD inayoitwa mpya lakini ina maelfu ya saa, irudishe. Dai risiti ya EFD, na muda wa garantii uandikwe.

Hata hivyo, SSD haifanyi miujiza. Windows 10 ilifikia kikomo cha matunzo yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi karibu prosesa zote za Intel za kabla ya kizazi cha nane. Kwa mashine hizo, mfumo wa Linux Mint ni chaguo zuri. Na kama RAM ni giga 4, iongezwe ifike 8 siku hiyohiyo ambayo fundi ameshika bisibisi.

Linalosahauliwa zaidi ni diski iliyotolewa. Ndani yake mna vyeti, picha za familia, pengine vitambulisho vya NIDA vya wateja waliokuja kuskani. Kufomati kwa haraka hakufuti vitu hivyo. Fundi mwenye programu ya kurejesha mafaili ataviona. Mwenye steshenari akumbuke pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imekuwa ikitumika tangu 1 Mei 2023. Ondoka na diski yako. Kama bado ni nzima, inunulie kasha la USB na uitumie kuhifadhi nakala za mafaili. Kama imekufa, ivunje kabla ya kuitupa.