Kesi ya Familia Bila Wakili: Tuyajue Maneno Kwanza



Wengi wenu mnaleta mboga na matunda Marikiti, na mnajua siku moja bila kuuza ni hasara gani. Mama mmoja wa pale sokoni alitujia na kesi ya matunzo ya watoto wake. Pesa za wakili hakuwa nazo, akajisimamia mwenyewe. Siku ya kwanza alifunga biashara, akawalipia mashahidi watatu nauli kutoka ng'ambo ya Likoni. Kumbe siku ile kesi ilikuwa ya kutajwa tu. Dakika chache, ikapewa tarehe nyingine, basi. Tarehe ya kusikizwa ilipofika, akadhani ni yale yale, akaenda peke yake. Kesi ikaahirishwa, na watoto wakazidi kungoja karo.

Haki alikuwa nayo. Neno moja lilimponza. Hebu basi tuyaeleze maneno haya.

1. Maneno ya karatasi

Mdai ni yule anayefungua kesi, na mdaiwa ni yule anayetakiwa kujibu. Kuitwa mdaiwa si kusema una hatia.

Samansi ni hati ya kukuita mahakamani. Ndani yake mmeandikwa siku ulizopewa za kujibu. Ukiitupa, kesi yaweza kuendelea bila wewe, na hakimu akatoa amri baada ya kusikia upande mmoja tu.

Afidaviti ni hati ya kiapo: maelezo yako yaliyoandikwa, nawe ukayaapia mbele ya kamishna wa viapo au hakimu. Kusema uongo humo ni kosa la jinai. Kama umeandikiwa na mtu, akusomee yote kabla hujatia sahihi au kidole gumba.

2. Maneno ya tarehe

Kutajwa, ambako wengi huita menshoni: hakimu anaangalia kesi imefika wapi. Je, samansi imemfikia mwenzako? Amejibu? Mashahidi waache nyumbani, lakini wewe ufike.

Kusikizwa, au hiringi: hii ndiyo siku ya ushahidi. Njoo na mashahidi wako, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, risiti za karo na za hospitali.

Kuahirishwa: kesi imesogezwa mbele, haijafutwa.

Kabla hujaondoka, muulize karani: "Tarehe ijayo ni ya kutajwa au ya kusikizwa?" Iandike pamoja na nambari ya kesi.

3. Maneno ya watoto

Matunzo ni chakula, mavazi, makao, shule na matibabu ya mtoto. Ulezi wa kisheria ni haki na wajibu wa mzazi katika kuamua mambo ya mtoto. Ulezi halisi ni kukaa na mtoto. Kisha kuna ruhusa ya kumwona mtoto, kwa mzazi asiyekaa naye.

Msiyachanganye. Baba asiyekaa na mtoto bado anadaiwa matunzo. Na mama asimfiche mtoto kwa kuwa pesa zimechelewa, ikiwa mahakama imempa baba ruhusa ya kumwona. Arudi kwa hakimu aseme amri ya matunzo imevunjwa. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, yasema mama na baba wana wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au hawakuoana, na kwamba maslahi ya mtoto yatangulie.

4. Maneno ya uamuzi

Amri ya muda hufuatwa tangu inapotolewa, ingawa kesi haijaisha. Hukumu ni uamuzi wa mwisho wa mahakama ile. Rufaa ni kupeleka hukumu hiyo mahakama ya juu.

Usuluhishi ni kukaa na msuluhishi mkakubaliana. Mpango wa mahakama wa usuluhishi ulianza Nairobi mwaka 2016, ukafika Mombasa baadaye. Mapatano yakishapokewa na mahakama yana nguvu ya amri. Usitie sahihi jambo usilolielewa.

5. Twende wapi?

Kesi za watoto hapa Mombasa hupelekwa Tononoka. Kadhi husikiza mambo ya ndoa, talaka na urithi pale pande zote ni Waislamu na zimekubali kusikizwa naye. Na msiogope lugha: kwa hakimu Kiswahili ni lugha halali. Usipoelewa, simama kwa heshima useme, "Mheshimiwa, naomba nielezwe."

Ya kufanya katika kikundi

1. Nani kati yetu amewahi kufika mahakamani? Ni neno gani lilimsumbua?
2. Igizeni siku ya kutajwa, kisha siku ya kusikizwa. Tofauti ni nini?
3. Mwenzetu akiwa na kesi, nani atamsindikiza, na nani atamshikia biashara siku hiyo?

Yule mama alirudi mara ya tatu na mashahidi wake wote na risiti ndani ya mfuko wa plastiki. Safari hii alisikizwa.