Gari na Pikipiki za Umeme Katika Mizani Moja

Mwaka 2024 serikali mbili za upande wetu wa Afrika ziliazimia, kila moja kwa njia yake, kuanza kuagana na petroli barabarani: Ethiopia ilipiga marufuku uingizaji wa magari ya petroli na dizeli, ikabakiza mlango wazi kwa yale ya umeme peke yake, na Rwanda ikatangaza kuwa tangu Januari 2025 pikipiki mpya ya kubeba abiria mjini Kigali haitasajiliwa isipokuwa ni ya umeme. Ya kwanza ilianzia kwenye gari, ya pili ikaanzia kwenye pikipiki. Mtu ambaye kila asubuhi hutoka Mbagala kwenda Kariakoo, au Rongai kwenda katikati ya Nairobi, ana haki ya kuuliza ni kipi katika vyombo hivi viwili kinachoifaa zaidi safari yake ya kila siku. Na jawabu la swali hilo afadhali alitafute katika elimu ya nishati, ambayo haimpendelei mnunuzi wala muuzaji, kabla ya kulitafuta katika matangazo ya biashara.

Tuanze na kipimo, maana bila ya kipimo mazungumzo hugeuka kuwa ushabiki. Uniti moja ya umeme, ile inayonunuliwa kwa LUKU katika Tanzania na kwa tokeni katika Kenya, ni nguvu ya kilowati moja iliyotumika kwa muda wa saa moja. Na lita moja ya petroli, kwa hesabu hiyohiyo, imebeba nishati ya uniti zipatazo 9. Sasa na tuchukue safari ya kilomita 10 mjini. Gari la kawaida la petroli litakunywa robo tatu ya lita au zaidi kidogo, yaani uniti 7 hivi. Pikipiki ya petroli ya aina ile inayobeba abiria katika miji yetu itatosheka na robo ya lita au pungufu yake, yaani uniti 2 hivi. Gari la umeme la ukubwa wa wastani litatumia uniti moja na nusu hadi 2. Na pikipiki ya umeme itatumia chini ya nusu uniti. Atakayezitazama tarakimu hizi kwa makini ataona jambo ambalo wengi hawalitarajii, nalo ni kwamba gari la umeme, pamoja na uzito wake wa tani moja na nusu na zaidi, haliizidi kwa ulaji wa nishati pikipiki ndogo ya petroli yenye uzito wa kilo 110 au 120.

Sababu ya ajabu hiyo imo ndani ya injini. Injini ya petroli ni mtambo wa joto, na kanuni za joto, ambazo Mfaransa Sadi Carnot alikuwa wa kwanza kuzifunulia njia katika kitabu chake cha mwaka 1824, hazikubali kabisa kwamba mtambo wa namna hiyo ugeuze joto lake lote kuwa mwendo. Hivyo robo hivi ya nishati ya petroli ndiyo inayofika kwenye gurudumu, na iliyosalia huenda zake angani kwa njia ya ekzosi na chuma kinachowaka. Mota ya umeme haipiti njia ya moto. Nguvu ya sumaku huuzungusha mhimili wake moja kwa moja, na katika kila sehemu 100 za umeme unaoingia, 85 hadi 90 hutoka zikiwa mwendo. Fauka ya hayo, katika foleni injini ya petroli huunguza mafuta hata chombo kikiwa kimesimama tuli, ilhali mota iliyosimama haili kitu.

Hata hivyo insafu yataka tuufuate umeme mpaka chimbuko lake. Katika Kenya sehemu kubwa ya umeme hutoka katika mvuke wa ardhini wa Olkaria, katika maji ya mto Tana na katika upepo wa karibu na ziwa Turkana, na katika Tanzania bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, limekuja kusaidiana na mitambo inayochoma gesi ya Songo Songo na Mtwara. Uniti iliyozaliwa kwa maji, mvuke au upepo haina moshi wa kuhesabiwa. Lakini uniti iliyozaliwa kwa gesi imekwisha poteza kiasi cha nusu ya nishati yake, au zaidi, kabla haijaingia katika waya. Kwa mizani hiyo, gari la umeme linalokula umeme wa gesi huku limembeba mtu mmoja hushindwa na pikipiki ya petroli, na pikipiki ya umeme haishindwi na chochote kati ya vyombo vile vitatu vingine, uwe umeme wake umetoka wapi.

Hapo ndipo kadhia yote inapofumbuka, nayo ni kadhia ya uzito. Mtu wa kilo 70 akiketi peke yake katika gari la kilo 1,600, yeye ni sehemu 4 tu katika kila 100 za uzito unaosogezwa. Zile 96 ni chuma, vioo, viti na betri, ambavyo hupelekwa kazini asubuhi na kurudishwa nyumbani jioni bila ya kuwa na shughuli huko. Ni kukodi jahazi zima kwa kuvusha kikapu kimoja cha maembe. Mtu huyohuyo juu ya pikipiki ya kilo 120 ni zaidi ya theluthi ya mzigo wote. Kuibadili injini ya petroli kwa mota ni kheri kubwa, na sitaki kuidunisha. Lakini gari lililobadilishwa injini halikupunguziwa uzito, na aghalabu limeongezewa, kwa kuwa betri yake peke yake ina kilo 300 hadi 450.

Uzito huo hulipiwa kila mara chombo kinaposimama na kuanza tena, na safari ya mjini ni kusimama na kuanza. Gari na dereva wake, katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa, huwa na nishati ya mwendo mara 9 ya ile ya pikipiki na mpandaji wake katika mwendo huohuo; na breki za kawaida zikibanwa, nishati hiyo huishia kuwa joto la chuma. Ni kweli kwamba gari la umeme lina tadbiri njema ya kuigeuza mota kuwa jenereta wakati wa kupunguza mwendo, hata sehemu ya nishati hiyo ikarudi katika betri, lakini kile kisichorudi katika nishati kubwa ya gari bado ni kikubwa kuliko nishati yote ndogo ambayo pikipiki huipoteza kwa breki. Vilima vya Kigali huonyesha jambo hilohilo: kupanda kimo cha mita 100 hulitoza gari karibu nusu uniti, na pikipiki yenye dereva na abiria wake hulipa chini ya sehemu moja ya kumi ya uniti.

Hewa, lakini, ina hukumu nyingine. Upinzani wa hewa huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo, maana yake mwendo ukizidi mara mbili, upinzani huzidi mara nne. Na mbele ya hewa pikipiki haina ubora inaodhaniwa kuwa nao. Mwili wa gari la kisasa huchongwa kwa hesabu ndefu ili hewa iteleze juu yake, na mpanda pikipiki huketi wima, kifua wazi, magoti nje, shati likipepea, hata mtu huyo mmoja akapata upinzani unaokaribia ule wa gari zima. Katika kilomita 40 kwa saa jambo hilo halina uzito mkubwa. Katika kilomita 100 kwa saa ndilo linaloamua kila kitu. Kwa hiyo atokaye Dar es Salaam kwenda Morogoro, mwendo wa kilomita zipatazo 190, pamoja na mkewe na watoto wawili, akisafiri kwa gari la umeme, kila mmoja wao atakuwa ametumia nishati pungufu ya ambayo angetumia juu ya pikipiki yake mwenyewe ya umeme, mbali na kwamba pikipiki nyingi za umeme za bodaboda hazikuundwa kwa mwendo wala kwa masafa hayo. Gari lililojaa, katika njia kuu, ni chombo chema. Taksiri ni ya viti vitupu.

Gari la umeme si uzushi wa jana. Mwaka 1899 Mbelgiji Camille Jenatzy alivuka kilomita 100 kwa saa karibu na Paris kwa gari la umeme, kabla ya gari lolote la petroli kufika mwendo huo. Na katika miji ya Marekani ya zama hizo magari ya umeme yalipendwa kwa utulivu wake na kwa kuwa hayakuhitaji kuwashwa kwa kuzungusha hendeli. Uzito wa betri za risasi uliyafunga miguu, na mwaka 1912, ilipotokea starta ya umeme katika magari ya petroli, fadhila yao iliyosalia ikaondoka. Kilichoyafufua ni betri ya ioni za lithiamu, iliyoingia sokoni mwaka 1991, na ambayo wanazuoni watatu waliohusika na kubuniwa kwake, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019.

Katika betri pikipiki ina nafuu nyingine ambayo kwa mtu wa kipato cha kila siku hupita zote. Betri ya gari ya uniti 60, ikichajiwa kwa soketi ya kawaida ya nyumbani, huhitaji saa zipatazo 20. Betri ya pikipiki ya uniti 3 hujaa kwa saa chache, na dereva wa bodaboda, ambaye aghalabu hupita kilomita 100 kwa siku, hana haja ya kuzingojea hata hizo, kwa sababu betri yake huinuliwa kwa mikono. Huingia kituoni, huiweka iliyokwisha, huchukua iliyojaa, na baada ya dakika chache yumo tena barabarani. Kampuni ya Ampersand mjini Kigali imekuwa ikiifanya kazi hiyo ya kubadilisha betri tangu 2019, na Nairobi vituo vya namna hiyo vimekwisha zoeleka. Dereva hununua pikipiki bila ya betri, hulipia nishati anayoitumia, na bei ya kuanzia kazi humshukia. Kampuni ya Better Place ya Israeli iliwahi kuazimia kufanya vivyo kwa magari, kwa mitambo mikubwa ya kuinua betri za mamia ya kilo, ikafilisika mwaka 2013.

Kuna na gharama ambayo haiandikwi katika risiti. Sehemu kubwa ya kobalti inayochimbwa duniani, kiasi cha theluthi mbili na zaidi, hutoka katika ardhi ya Kongo, katika Lualaba na Katanga ya Juu, kwa watu wanaozungumza Kiswahili kama sisi. Na katika machimbo ya mikono ya huko wamepata kuonekana watoto wakibeba mawe badala ya vitabu. Zimekwisha patikana betri za chuma na fosfati zisizo na kobalti hata chembe, nazo zinaenea katika pikipiki na katika magari ya bei nafuu. Lakini maadamu kuna betri zenye madini hayo, ni wajibu kukumbuka kuwa zinazotosha pikipiki 20 humezwa na gari moja.

Nimeisifu pikipiki, na ningekoma hapa ningekuwa nimemficha msomaji jambo lililo zito kuliko yote. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa katika ajali za barabarani, na kiasi cha 21 katika kila 100 miongoni mwao walikuwa juu ya vyombo vya magurudumu mawili au matatu. Mwenye gari amezungukwa na chuma, amefungwa mkanda, na mbele yake umekunjwa mfuko wa hewa unaofumka kwa chini ya kupepesa jicho. Mpanda pikipiki hana kinga ila kofia ngumu, ambayo hupunguza hatari ya kufa kwa kiasi cha 40 katika 100, na ambayo abiria wa bodaboda aghalabu hapewi, au hupewa iliyolegea, isiyo na kamba. Umeme hauyabadili haya. Pengine huyazidishia moja: pikipiki isiyo na mlio humfikia mvuka njia kabla hajaitambua, na sheria ya Umoja wa Ulaya, ambayo tangu Julai 2021 hulilazimisha kila gari jipya la umeme kutoa sauti liendapo polepole, haikuzigusa pikipiki. Wala haifai kusahau masika, wala mama mwenye mtoto mchanga, wala mgonjwa. Kwa hao kumwambia mtu apande pikipiki kwa kuwa hula chini ya nusu uniti kwa kilomita 10 ni kukosa huruma.

Basi hukumu yangu ni kwamba, kwa mtu mmoja katika safari ya mjini, pikipiki ya umeme imeshinda, na Rwanda ilianzia mahali palipo sawa. Na kwa jamaa wanaosafiri pamoja, kwa mvua au kwa masafa marefu, gari la umeme lina haki ya nafasi yake, kwa sharti kwamba viti vyake vikaliwe. Ushindi huo hautakuwa na maana ikiwa utalipiwa kwa mifupa ya vijana. Wenye mamlaka katika nchi zetu, wanaopunguza ushuru wa vyombo vya umeme na kuvitangazia bei maalumu ya uniti, wazipe pikipiki njia yao iliyotengwa na malori na mabasi, na wasiisajili ya abiria yenye kofia moja. Nawe msomaji, ukienda kununua pikipiki ya umeme, nunua pamoja nayo kofia ngumu mbili zenye kamba nzima, yako na ya utakayempakia.