Jirani Wapya wa Milimani

Mgeni ashukaye Kisumu kwa mara ya kwanza hupokewa na mambo mawili: joto na salamu. Joto hulizoea baada ya miezi michache, maana mji wetu uko juu ya bahari kwa futi zipatazo 3,700, na jioni upepo wa ziwa huja kumhurumia. Salamu ndizo zimshindazo. Katika makala haya napenda kueleza habari za Waingereza wawili waliokuja kukaa mjini kwetu miaka hii ya karibuni, jinsi walivyotafuta marafiki, na jinsi nusura wawakose. Sitawataja majina, kwa kuwa ni jirani zangu na ningali napenda kunywa chai kwao.

Wazee hueleza kwamba jina la Kisumu latokana na neno la Kijaluo lenye maana ya kwenda kutafuta chakula kwa kubadilishana vitu wakati wa njaa. Kwa hiyo tangu mwanzo hapa ni mahali pa wageni. Reli kutoka Mombasa ilipofika ziwani mwezi wa Desemba 1901, msumari wa mwisho ulipigwa na Bibi Florence Preston, mke wa mhandisi aliyesimamia utandikaji wa reli, na pakaitwa Port Florence kwa muda kabla jina la wenyeji halijarudi. Bibi huyo alifuatana na mumewe kambi baada ya kambi, akilala hemani. Mara nyingi nimejiuliza jioni alizungumza na nani.

Wahindi zaidi ya 30,000 waliletwa kuijenga reli hiyo. Wapatao 2,500 walikufa kazini, na karibu 6,700 walibaki Afrika Mashariki baada ya kazi kwisha. Baadhi yao walipata mashamba Kibos, kilomita chache tu kutoka mjini, wakawa wakulima. Ukitaka kujua mgeni akikaa sana huwaje, nenda dukani kwa mjukuu wa watu hao umsikilize akibishana na mteja kwa Kijaluo safi, pamoja na mafumbo yake. Katika uchaguzi wa mwaka 2007 wapiga kura wa Kisumu Mjini Mashariki walimpeleka bungeni Bwana Shakeel Shabbir, mwenye asili ya Kihindi, aliyepata kuwa meya wa mji huu. Lakini tusijidanganye. Wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi huo huo, maduka mengi ya mji wetu yaliporwa na kuchomwa, na ya Wahindi yalikuwamo.

Wazungu walikuwa na njia nyingine. Zamani za Serikali ya kikoloni wao walikaa Milimani, ambako upepo hupita vizuri. Wahindi walikaa karibu na maduka yao. Waafrika wakakaa Kaloleni na vijiji vya pembeni. Vilabu vya Wazungu havikupokea Mwafrika ila awe amebeba sinia. Mzungu aliweza kukaa Kisumu miaka ishirini, akarudi kwao, na asijue nyumbani kwa mtu mmoja mweusi kulivyo ndani.

Hata hivyo wachache walivuka. Mkanada Arthur Carscallen alifika Gendia, upande wa Kendu Bay, mwaka 1906, pamoja na mwenzake Peter Nyambo wa Nyasaland, akajifunza Kijaluo hata akaandika kitabu cha sarufi yake. Tena alikuwako Askofu Msaidizi Owen, ambaye cheo chake halisi kilikuwa Archdeacon wa Kavirondo tangu mwaka 1918. Mwaka 1923 alikuwa rais wa Chama cha Ustawi wa Walipa Kodi wa Kavirondo, na barua zake za kushutumu kazi za kulazimishwa zilichapishwa katika magazeti ya Uingereza. Walowezi walichukia, wakageuza cheo chake kwa mzaha kiwe cha shetani mkuu. Wako wasemao kwamba aliupunguza ukali wa vijana waliotaka kupigania mambo yao wenyewe, na huenda ni kweli. Lakini mtu atukanwaye na watu wa rangi yake kwa ajili yako, huwezi kusema hakuwa rafiki.

Sasa nirudi kwa jirani zangu. Bwana alikuja kufundisha wauguzi kwa mkataba wa miaka mitatu. Bibi alikuwa amestaafu ualimu, na hapa hakuwa na kazi. Walipanga nyumba ya zamani yenye bati jekundu na baraza pana, wakaajiri bawabu, na lango likafungwa. Kila Jumamosi yalikuja magari mawili au matatu ya Wazungu wenzao, nao walikaa kunywa na kuzungumza habari za vibali vyao, maana mgeni akaaye Kenya zaidi ya siku 90 hana budi kujiandikisha na kuchukua kitambulisho cha mgeni, na jambo hilo lilikuwa likiwatoa jasho. Baadaye wale wenzao wakaanza kuondoka mmoja mmoja, kwa kuwa watu wa mikataba ni kama ndege wa ziwani: asubuhi wamejaa ufukweni, jioni huwaoni. Mwezi wa nne magari yakakoma. Bawabu aliniambia kwamba Bibi hukaa barazani mchana kutwa na kitabu, na ukurasa haufunguliwi.

Nami je, nilifanya nini? Sikufanya neno. Nyumba yangu ni ya pili kutoka kwao. Kwa miezi sita nilipita langoni mwao kwenda kununua gazeti, na kama Bwana yupo niliinua kofia, basi. Nilijiambia kwamba ukuta ule mrefu ni ishara ya kuwa hawataki watu. Lakini ukweli ni mwingine, na afadhali niuseme. Baba yangu alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja Milimani katika miaka ya 1950, mtaa uo huo. Alipika katika nyumba ile miaka 11. Alijua ni mayai mangapi Bwana wake ayapendayo na ni ya moto kiasi gani, lakini katika miaka 11 hakuketi hata siku moja juu ya kiti cha nyumba ile. Jambo hili alinisimulia bila uchungu, kama mtu aelezaye hali ya hewa. Uchungu nilibaki nao mimi.

Aliyelifungua lango hakuwa mimi, alikuwa fundi wa nguo wa Kibuye. Soko la Kibuye, hasa siku ya Jumapili, huuza kila kitu kutoka omena hadi vitanda, na Bibi alikwenda huko na kitambaa chake ashonewe gauni. Gauni likaja limebana. Akarudi, likapanuliwa, likaja limelegea. Akarudi tena. Mara ya nne alipewa kigoda akae, kwa kuwa mvua ilikuwa kubwa, na huyo mama fundi akamwuliza ana watoto wangapi, wako wapi, na mbona wamemwacha peke yake. Bibi aliniambia baadaye kwamba Uingereza mtu asiyekujua hawezi kukuuliza hivyo, na kwamba alilia mle kibandani mbele ya wateja. Mama fundi hakumwambia anyamaze. Alimpa pindo la kanga lililokuwa likingoja kushonwa, akaendelea na kazi yake.

Tangu siku ile Bibi alikwenda Kibuye mara mbili kwa juma, gauni au pasipo gauni. Akajifunza kuhesabu kwa Kijaluo. Akajifunza salamu pia, lakini alizichanganya: saa kumi na mbili jioni aliwaambia watu *oyawore*, yaani habari za asubuhi, na soko zima lilicheka. Mgeni achekwaye hivi asikasirike. Mtu asiyependwa hupewa adabu tupu.

Kisha mama mzazi wa yule fundi akafa, huko Seme. Bibi alipata habari, akaja kwangu siku ya kwanza tangu kuhamia, akabisha hodi, akauliza avae nini na atoe nini. Niliona haya. Nilimweleza kwamba asiulize kama amealikwa, kwa kuwa kwetu mazishi hayana mwaliko. Aende mapema, akae wanawake wakaapo, achange kiasi awezacho, ale atakachopewa, wala asitazame saa. Nikaenda naye. Ugali uliletwa pamoja na samaki mzima. Akanawa, akala kwa mkono, na kichwa cha samaki kilimtazama naye akakitazama. Wazee wa pale walimpa jina la Nyarloka, binti wa ng'ambo, na jina hilo amelichukua mpaka leo.

Hapo ndipo msomaji angetazamia niseme kwamba mambo yote yakawa mema. Sivyo. Baada ya mazishi watu waliokuja langoni waliongezeka, na wengine walikuja na kadi za harambee: karo ya shule, paa la kanisa, mguu uliovunjika. Mama fundi mwenyewe aliomba mkopo wa shilingi 15,000 anunue cherehani ya pili. Bwana akakasirika. Alinijia usiku, akasema, “Sasa nimefahamu urafiki wao ni wa nini.” Neno hilo lilinichoma, nami nilikuwa karibu kumjibu habari za baba yangu. Badala yake nilimfungulia daftari langu. Katika daftari hilo naandika kila kilichochangwa na kila nilichochanga tangu mwaka nilipoanza ukarani bandarini: jina, sababu, kiasi. Nikamwonyesha ukurasa wa mwaka mke wangu alipolazwa hospitali. Majina 64. Wengi wao ni watu niliokuwa nimewachangia mimi miaka ya nyuma, na wengine ni watu ambao sina deni nao hata kidogo. Nikamwambia kwamba Mwingereza huweka fedha zake benki, na Mjaluo huziweka kwa watu, na kila benki ina siku zake za kufilisika. Akasoma ukurasa ule muda mrefu bila kusema neno.

Fedha za cherehani zilitolewa. Zilirudi kwa mafungu madogo madogo katika muda wa miezi 14, zote. Mkopo mwingine, aliopewa kijana mmoja wa tuktuk, haukurudi hata shilingi, na kijana akahama njia. Hayo nayo ni ya kweli, na kumficha mgeni mambo kama hayo si kumsaidia.

Mwaka wa pili Bwana alishikwa na malaria, ugonjwa ambao pande hizi za ziwa haujali daktari wala mwalimu wa wauguzi. Watu wa Kibuye walikuja. Walikuja wanane, wakaketi sebuleni, na baada ya kumpa pole hawakusema neno kwa saa nzima. Bibi alifadhaika, kwa maana kwao mgonjwa huachwa alale. Alinyanyuka kuwapikia chai, na mama fundi akamketisha, akaenda jikoni yeye. Bwana alinieleza kwamba mwanzoni alitamani waondoke, lakini homa ilipopanda alasiri aliwasikia wakikohoa sebuleni na kuvuta viti, akajua nyumba ina watu, akapata usingizi.

Siku hizi wanataka kubaki baada ya mkataba. Waliniuliza habari za kununua kiwanja upande wa Dunga, nikawaonya wasikimbilie madalali. Katiba ya mwaka 2010 hairuhusu asiye raia kumiliki ardhi kwa milele. Huweza kupangishwa tu, wala si zaidi ya miaka 99. Bwana alicheka, akasema kwa umri wake miaka 99 itamtosha. Nikamwambia akamtafute wakili, na kabla ya wakili akazungumze na wazee wa mahali, kwa sababu hati huonyesha mpaka, lakini haionyeshi ni nani aliyezikwa ndani yake.

Jambo hilo tulilizungumza barazani kwao, Jumapili iliyopita. Jua lilikuwa likishuka, na gugu maji lilikuwa limesukumwa na upepo hata ghuba ikaonekana kama konde la mboga. Nilikuwa nimeketi katika kiti cha mianzi, ambacho Bibi husema ni changu. Bwana akaingia ndani, akatoka na sinia mwenyewe, akaniwekea kikombe mbele yangu na kuuliza sukari vijiko vingapi. Nikamwambia vitatu. Chai yenyewe haikuwa nzuri: maji yalichemshwa peke yake, na maziwa yakatiwa baadaye, ya baridi. Baba asingaliipeleka mezani. Nilikunywa vikombe viwili.